Ngano, Maji na Bunduki (Sehemu ya Tatu)

ILIPOISHIA: Mzee wetu wa wilaya ya Patiala, jimbo la Punjab, ameuza ngano yake yote, na bado dalali kamfungulia daftari: deni liko palepale. SASA ENDELEA…

Aprili 8, 1982, mzee na kijana wake walisimama katikati ya umati kijijini Kapoori. Waziri Mkuu Indira Gandhi alikuwa amekuja kuzindua uchimbaji wa mfereji wa kupeleka maji Haryana, jimbo lililomegwa kutoka Punjab mwaka 1966. Wakulima wa Haryana nao walikuwa na kiu, na mzee hakulikataa hilo. Kilichomkaba koo ni mgao wenyewe. Mwisho wa mwaka 1981, makubaliano yaliyosimamiwa na Delhi yaliipa Rajasthan nusu ya maji yaliyoitwa ya ziada ya mito Ravi na Beas, ilhali mito hiyo haipiti Rajasthan.

“Sasa sisi tumebakishiwa nini, baba?”

“Pampu, mwanangu.”

Na pampu yenyewe ilikuwa ya dizeli, ya mkopo. Mbegu mpya za ngano zilizoenea tangu miaka ya 1960 ziliiondolea India aibu ya kuomba chakula. Punjab, yenye chini ya asilimia 2 ya ardhi ya nchi, ilitoa zaidi ya nusu ya ngano iliyonunuliwa kwa ajili ya ghala la taifa. Lakini mbegu zile hazikubali bila mbolea ya dukani na maji tele, na bei ya ngano ilipangwa Delhi. Mwenye ekari hamsini alinunua trekta. Mwenye ekari tano aliishia kwa dalali. Maji ya kisima yakishuka, mzee anaunga bomba jingine, na dalali anaongeza mstari daftarini. Kijana alikuwa na cheti cha chuo, viwanda vya kumwajiri havikuwapo. Mashamba makubwa nayo yalikuwa na vibarua kutoka jimbo la Bihar, waliokubali ujira mdogo.

Inaniuma kuyaandika haya, kwa sababu ugonjwa huu ulikuwa na dawa. Tangu 1973, huko Anandpur Sahib, chama cha Wasikh cha Akali Dal kilidai majimbo yapewe madaraka zaidi. Baadaye Chandigarh, mji mkuu ambao Punjab ilitumia pamoja na Haryana, na maji ya mito vikawa kiini cha madai. Viongozi wake walisema wazi kwamba hawaombi nchi yao. Delhi ikasikia uhaini. Februari 1980 serikali ya jimbo iliyoongozwa na Akali ikavunjwa. Wanasiasa wa Congress, chama cha Indira, wakitaka kuwagawa Akali, walikuwa wamekwisha kumpa nafasi mhubiri kijana, Jarnail Singh Bhindranwale. Punde hawakuweza tena kumshika.

Agosti 1982 Akali na Bhindranwale wakaingia kwenye harakati moja. Kiongozi wa Akali, Harchand Singh Longowal, alihimiza watu wakubali kukamatwa kwa amani, na maelfu wakajaza magereza. Bhindranwale naye alizungukwa na wafuasi wenye bunduki ndani ya Hekalu la Dhahabu, Amritsar. Oktoba 1983 abiria Wahindu walishushwa kwenye basi wakauawa, watu wasio na hatia yoyote. Delhi ikachukua utawala wa jimbo mikononi mwake. Mwishoni mwa mwaka Bhindranwale akahamia Akal Takht, kitovu cha mamlaka ya Wasikh.

Mei 1984 Longowal akatangaza: kuanzia Juni 3, hakuna nafaka itakayotoka Punjab, hakuna kodi ya ardhi itakayolipwa. Mzee alifurahi. Hatimaye wangepigana kwa ngano!

Usiku wa Juni 2 Indira alilihutubia taifa redioni, akisihi watu waache kumwaga damu. Magari ya jeshi yalikuwa tayari njiani. Hotuba haijaisha, mke wa mzee akaingia, ameshika mlango.

“Baba watoto, kijana kaondoka jana alfajiri. Kaenda Amritsar.”

“Si na mahujaji? Kesho ni siku ya Guru Arjan.”

Mama hakujibu. Mzee akakimbilia chumba cha ndani, kwenye sanduku la bati alimofungia bunduki aliyoachiwa na baba yake, askari wa zamani. Kufuli lilikuwa wazi, halikuvunjwa. Sanduku tupu.

“Ufunguo nilimpa mimi,” mama akasema.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO