Mekapu ya Miaka ya 1920: Ile Lipstiki Unayoiona Nyeusi, Kumbe Ilikuwa Nyekundu

Bethdei ikitangazwa kuwa ni ya mtindo wa miaka ya 1920, kinachofuata kinajulikana. Shanga ndefu shingoni, manyoya kichwani, gauni la nyuzi zinazochezacheza, na modo amekaa mbele ya mpambaji huku simu ikionyesha picha ya mcheza filamu wa zamani. Mpambaji anaangalia picha, anaangalia uso, anaanza kazi: poda nyeupe, macho meusi, lipstiki nyeusi tii. Modo akiwa na ngozi nyeusi, poda inaongezwa mara mbili. Akilalamika kwamba anaonekana kama kachovya uso kwenye unga, anajibiwa kwamba enzi zile ndivyo ilivyokuwa.

Haikuwa hivyo. Tatizo linaanzia kwenye picha yenyewe.

Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo, filamu iliyokuwa ikitiwa kwenye kamera iliona vizuri rangi ya bluu lakini haikuiona nyekundu. Kitu chekundu kilitoka cheusi. Kwa hiyo ile midomo inayoonekana kama imepakwa lami mara nyingi ilikuwa nyekundu ya kawaida, nyekundu iliyoiva. Ngozi ya kahawia nayo ilionewa vilevile: ilitoka na giza kuliko ilivyo. Filamu inayosoma rangi zote ilienea Hollywood mwishoni mwa miaka ya 1920, na mwaka 1928 Max Factor, mzaliwa wa Poland aliyehamia Marekani mwaka 1904, akatoa mekapu mpya ya kuendana nayo. Yaani hata wataalamu wa wakati ule walijua kwamba uso wa kwenye picha na uso wa mtaani ni vitu viwili tofauti.

Sasa tuurudishe huo uso kwa haki.

Tuanze na nyusi. Zilikuwa nyembamba kama uzi, ndefu, zikishuka kuelekea kwenye kona ya jicho. Wanawake wa enzi hizo walizinyofoa. Modo wa leo hana haja ya kuteseka: gundi ya stiki inayotoka kwa maji inazilaza, poda inapita juu, kisha mstari mpya unachorwa kwa penseli.

Macho ni wanja, tena mwingi, uliosambazwa kwa kidole kuzunguka jicho zima. Wanja ulikuwepo kabla, ila Novemba 1922 Howard Carter alipolifikia kaburi la Tutankhamun kule Misri, kila kitu cha Kimisri kikawa fasheni Ulaya na Marekani. Mwanamke wa New York akaanza kukolezea macho kitu ambacho bibi zetu wa Pwani walikuwa nacho kabatini siku zote. Maskara nayo ilikuwa kipande kikavu kama sabuni: unalowesha kiburashi, unasugua, unapaka kope.

Mashavuni ni duara la wekundu, siyo mstari wa kupandisha kama tunavyopaka sasa. Wengine walipaka hadi magotini, maana magauni yalikuwa yamepanda na goti lilitakiwa lionekane.

Midomo ndiyo sahihi ya enzi hiyo: midogo, juu imechongwa kama upinde, pembeni haifiki mwisho wa mdomo. Clara Bow, aliyeng'ara kwenye filamu ya It mwaka 1927, aliifanya itamaniwe na kila msichana. Lipstiki ya kuzungusha ilipata hataza Marekani mwaka 1923, na kitu kidogo kama hicho kilibadilisha mengi. Mwanamke aliweza kutoa kioo mezani hotelini akajipaka mbele za watu. Kizazi kimoja nyuma, mwanamke aliyejipaka waziwazi alidhaniwa ni wa jukwaani au anauza mwili. Wasichana wa miaka ya 1920 walikuwa wanafanya kazi maofisini, na wa Marekani walikuwa wamepata haki ya kupiga kura nchi nzima mwaka 1920. Lipstiki ilikuwa sehemu ya kusema "uso ni wangu".

Haya, na huyu modo mweusi aliyepakwa unga? Jibu lake liko Chicago. Mfanyabiashara mweusi Anthony Overton alihamishia kampuni yake huko mwaka 1911, na bidhaa iliyompa jina ni High-Brown Face Powder, poda iliyotengenezwa kwa ajili ya wanawake weusi. Miaka ya 1920 ilipoingia, poda hiyo ilikuwa tayari inauzwa. Kule Harlem, mpiga picha James Van Der Zee alikuwa akiwapiga picha wanawake weusi waliopendeza, kofia zimekaa, lulu shingoni. Na Paris mwaka 1925, Josephine Baker alipanda jukwaani akiwa na miaka 19, nywele zimelazwa zikang'aa, na jiji zima likamgeukia. Baadaye hata mafuta ya nywele yaliuzwa kwa jina lake, Bakerfix.

Kwa hiyo modo mweusi hahitaji kuazima uso wa mtu ili aingie kwenye miaka ya 1920. Alikuwemo. Kinachotakiwa ni poda ya rangi yake mwenyewe, wanja wa kutosha, mashavu ya duara, na lipstiki nyekundu ya kuiva kama zambarau inavyoanza kukolea. Akitaka ile midomo myeusi, aitoe kwenye kamera: apigwe picha, kisha rangi ibadilishwe iwe nyeusi na nyeupe huku wekundu ukitiwa giza.

Miaka mia moja iliyopita, dada wa Chicago aliingia dukani akatoka na poda ya rangi yake. Mpambaji wa leo, mwenye faundesheni za kila aina mezani, atoe sababu gani ya kumpaka mtu unga?