Chakula Kilichobeba Ngoma za Kiangazi

Mvua zikikatika mwezi Mei, shughuli za Usukuma hubadilika. Lamadi, kwenye njiapanda ambako barabara ya Bariadi inaungana na ile ya kutoka Mwanza kwenda Musoma, vumbi hurudi, dagaa huanikwa ufukweni mwa Ghuba la Speke, na vikundi vya ngoma huanza kutafutana kwa mashindano. Ni msimu wa mbina, yaani ngoma za mashindano. Kwa vizazi vingi Wasukuma wamecheza ngoma zao kubwa kati ya Juni na Agosti, na sababu inayotajwa siku zote ni kwamba kazi ya shamba imekwisha. Ni kweli, lakini watu hawachezi kutwa nzima kwa sababu tu wana nafasi. Wanacheza kwa sababu wameshiba, na kesho pia watashiba.

Historia ya mashindano hayo husimuliwa kupitia waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, walioshindana kwa ustadi wa ngoma na nguvu za dawa. Wafuasi wa Ngika ndio Wagika, wa Gumha ndio Wagalu, na mpaka leo kikundi cha ngoma cha Kisukuma hujulikana kiko upande upi. Pande mbili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja. Watazamaji huhama kumfuata manju anayewavutia, na mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Ndiyo maana wapo wanaocheza na chatu, wapo wanaorusha majembe hewani na kuyadaka: kila mbinu inatafuta miguu ya watu.

Umati huo ulitoka vijiji vya mbali, kwa miguu, na hapo ndipo hesabu ya chakula inapoingia.

Kiazi kitamu kilifika Afrika kutoka Amerika baada ya safari za Wareno, na katika nchi ya Wasukuma kilikuta tatizo ambalo majirani wa Bukoba au Uganda ya kusini hawakuwa nalo. Kule mvua hunyesha karibu mwaka mzima, kwa hiyo viazi huachwa shambani na kuchimbwa kidogo kidogo kila siku. Usukuma ina kiangazi kirefu. Udongo hukauka, hupasuka, na katika nyufa hizo fukusi huingia mpaka kwenye kiazi na kukiharibu. Mkulima hana hiari. Lazima avune mapema na atafute namna ya kuhifadhi. Jua linalomfukuza shambani ndilo analolitumia kwa kazi hiyo.

Namna zenyewe ni mbili. Kwa michembe, viazi humenywa, huachwa vinyauke, kisha hukatwa vipande vyembamba na kuanikwa, mara nyingi juu ya majabali yanayoshika joto. Kwa matobolwa, viazi huchemshwa kwanza, ndipo vikakatwa na kuanikwa. Hivyo huwa vitamu zaidi, vigumu kidogo kutafuna, na vinaweza kuliwa bila moto wala maji. Kazi hii imekuwa ya wanawake, na ni kazi kubwa: wingu likitanda ghafla, kila kitu hukusanywa mbio. Vikikauka vyema huingia ghalani na kukaa kwa miezi. Pamoja na majani ya kunde yaliyokaushwa, karanga, mtama na samaki wakavu kutoka ziwani, akiba hiyo ndiyo iliyowezesha kaya moja kupokea wageni wa ngoma bila kuogopa njaa ya Novemba.

Nyama ilikuwa na njia yake. Vikundi vya kulima, hasa wachezaji wa bugobogobo, vilizunguka mashamba ya watu wakati wa mvua, vikifuata mdundo wa ngoma na kuinua majembe kwa pamoja. Malipo hayakugawanywa papo hapo. Yaliwekwa hadi kiangazi, akanunuliwa ng'ombe, watu wakala pamoja. Anayetaka kuelewa kwa nini ngoma ya Kisukuma inachezwa na jembe mkononi aanzie kwenye karamu hiyo.

Pamba ilileta fedha katika miezi hiyohiyo. Katika miaka ya 1950, vyama vya ushirika vilivyoongozwa na Paul Bomani vilipokua, msimu wa kuuza pamba ulikutana na msimu wa mbina, na wali ukapata nafasi kubwa zaidi kwenye sinia la sherehe. Kitoweo nacho kilibadilika. Furu, samaki wadogo waliokaushwa kwa wingi pwani yote ya ziwa, walipungua vibaya katika miaka ya 1980 baada ya sangara aliyepandikizwa kuenea. Dagaa wakashika nafasi yao.

Katika miaka hiyohiyo ya 1950, Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alianzisha kituo cha utamaduni Bujora, karibu na Kisesa. Bulabo, sherehe inayofuata sikukuu ya Ekaristi mwezi Juni, iliwaleta Wagika na Wagalu katika uwanja wa kanisa. Bujora ilihifadhi ngoma, viti vya watemi na dawa. Chungu cha msimu wa ngoma kinastahili heshima hiyohiyo.

Wajapani wanafahamu jambo hili vizuri. Sherehe zao za majira ya joto, hasa zile za Agosti za kuwakumbuka wahenga, huwa na watu wanaocheza kwa kuzunguka jukwaa la ngoma, na pembeni mabanda ya chakula: tambi za kukaanga, mahindi ya kuchoma, na takoyaki, vitumbua vya mviringo vyenye kipande cha pweza, vilivyoanza kuuzwa Osaka mwaka 1935. Chakula hicho kinahesabiwa kuwa sehemu ya sherehe kama ngoma yenyewe. Viazi vitamu navyo wanavijua. Vilifika Okinawa mwaka 1605 kutoka China, na baada ya njaa ya 1732 msomi Aoki Konyo aliishawishi serikali kuvieneza. Mkoa wa Ibaraki leo unaongoza kwa kuvipika kwa mvuke, kuvikata na kuvianika katika upepo wa baridi. Ukimpa Msukuma kipande, atakitambua mara moja: ni matobolwa, yamefungwa katika pakiti safi na kuuzwa kwa bei nzuri.

Huku Usukuma, Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012, umeshakaribisha umati mkubwa. Maonesho ya kitaifa ya Nanenane yalifanyika Nyakabindi, Bariadi, kwa miaka mitatu mfululizo kuanzia 2018, ndani ya msimu wa mbina. Kwa umati kama huo chipsi na nyama choma hazikosi wanunuzi, na michembe ingefaa kupikwa kando yake kama inavyopikwa nyumbani: inalowekwa, inachemshwa mpaka ilainike, halafu karanga zilizotwangwa zinamiminwa sufuriani wakati mchuzi wake mtamu bado unachemka.