Goma 1994: Dawa Ilikuwapo

Leo tunarudi nyuma hadi Julai 1994, huko Goma, kando ya Ziwa Kivu, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati ule. Rwanda, vita na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi vilikuwa vinafikia mwisho. Kwa siku chache tu, watu kati ya 500,000 na 800,000 walivuka mpaka. Hakukuwa na kambi iliyoandaliwa kuwapokea.

Walikaa juu ya mawe ya volkano. Ardhi ile haichimbiki kwa jembe, si kwa choo wala kwa kaburi. Watu walijisaidia popote, na wengi walichota maji ziwani bila kuyachemsha. Kibumba, mojawapo ya kambi kubwa, haikuwa na chanzo cha maji. Yaliletwa kwa malori. Tarehe 20 Julai kipindupindu kilithibitishwa. Kikafuata kuhara damu.

Wataalamu wa afya husema ni hali ya dharura pale anapokufa mtu mmoja kwa siku katika kila watu 10,000. Goma, mwezi wa kwanza, walikufa kati ya 20 na 35. Jumla ilikaribia watu 50,000. Wengi walikata roho njiani au chini ya turubai, hawakufika kituo cha matibabu.

Uchungu wa habari hii ni kwamba dawa ilijulikana tayari, na ilikuwa imejaribiwa kambini miaka 23 kabla. Mwaka 1971, wakimbizi kutoka nchi ambayo leo ni Bangladesh walikimbilia India, na kipindupindu kikawapata huko. Katika mji wa Bongaon, daktari Dilip Mahalanabis alipungukiwa na dripu. Akachanganya chumvi, soda ya kuokea na glukosi katika maji, akawapa ndugu za wagonjwa wawanyweshe. Awali wagonjwa 30 hivi katika kila 100 walikuwa wakifa. Baada ya hapo hawakufika 4.

Kipindupindu huua kwa kukausha mwili maji, pengine kwa saa chache tu. Goma, maji safi ya kuchanganyia hayakupatikana, na wagonjwa waliwazidi wauguzi. Maji yaliyosafishwa yalipoanza kuwafikia watu na ugonjwa ulipopungua nguvu, vifo vilishuka hadi kati ya 5 na 8 mwezi wa pili. Bado vilikuwa vingi mno.

Makosa ya wakati ule yalichangia kuandikwa kwa viwango vya Sphere, kazi iliyoanza 1997. Kiwango kimojawapo ni angalau lita 15 za maji kwa kila mtu kwa siku. Kwa hiyo kamati ya kambi inapodai maji ya kutosha, haiombi upendeleo.

Nawe, mama au baba unayesikiliza, usingoje. Mtu akianza kuharisha maji maji, chukua lita moja ya maji safi, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mnyweshe kidogo kidogo huku mkimpeleka kliniki. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Na kama jirani yako hana wa kumbeba, mbebeni nyinyi.