Sahani ya Sengu: Kwa Nini Nyama ya Ng'ombe Ilikosekana Mbinga

Kila ninapowasikia wataalamu wa lishe wakiwahimiza wananchi wa Mbinga wale nyama, hunijia akilini sahani ya babu yangu. Utotoni mwangu ng'ombe alichinjwa Krismasi, Pasaka na penye msiba mkubwa. Nyama ilipoiva, minofu na maini vilipelekwa sengu, pale wanaume wa ukoo wetu walipokutana kwa mkubwa wao kula na kushauriana. Mama zetu pamoja nasi watoto tulibaki jikoni tukichovya ugali katika mchuzi. Tuliambiwa, na tukaamini, kwamba nguvu ya nyama imo ndani ya mchuzi.

Haimo, au imo kidogo mno. Protini, zinki na chuma hubaki kwa sehemu kubwa katika mnofu wenyewe. Mwili hufyonza chuma cha nyama kwa wepesi kuliko cha maharage, na kipande kidogo cha nyama kikiliwa pamoja na maharage huusaidia mwili kufyonza hata kile chuma cha maharage. Vitamini B12 nayo haipatikani katika mimea. Wanaoihitaji zaidi lishe hiyo ni mtoto anayekua, mama mjamzito na binti aliyevunja ungo, yaani wale wale waliopewa mchuzi.

Wenzangu wengi husema huo ni utamaduni wa Wamatengo, na hapo hoja yao huishia. Mimi nasema uhaba ulitangulia, desturi ikafuata.

Katika karne ya 19 Wangoni, waliovuka mto Zambezi mwaka 1835 wakitokea kusini, walifika nchi ya Songea na kusimamisha dola za Njelu na Mshope. Kwao ng'ombe alikuwa mali, mahari na heshima. Kwa majirani zao, mfugo uliokuwa zizini ulikuwa mwaliko wa uvamizi. Wamatengo walijibana milimani, wakabuni kilimo cha ngoro, mashimo yanayozuia udongo usichukuliwe na mvua. Kilimo hicho ni fahari yetu mpaka leo, lakini miteremko ile haina malisho mapana. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliyoingilia kaskazini mwa bara ilishuka hadi nchi za Nyasa, ikiteketeza mifugo kila ilikopita. (Ugonjwa huo ulitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, habari ambayo wanafunzi wangu huipokea bila kupepesa jicho.) Kisha ikaja Vita ya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Wajerumani walichoma maghala na mashamba, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Nchi iliyobaki bila watu ikageuka pori, mbung'o wakaenea, na penye mbung'o ng'ombe hastawi.

Baada ya hayo yote, mtu atashangaaje kwamba nyama ikawa chakula cha sikukuu, na kidogo kilichopatikana kikapelekwa kwa wakubwa? Sengu ilikuwa na heri yake: wazee walisimulia kwamba asiye na kitu hakulala njaa. Hata hivyo mgawanyo wa nyama ulimdhulumu mtoto, na sioni sababu ya kuutetea.

Ukishuka kutoka milimani hadi Liuli, Lituhi au Mbamba Bay, mambo hubadilika. Pwani ya ziwa, ambayo tangu mwaka 2012 ni wilaya ya Nyasa, haikuhitaji ng'ombe ili ijenge mifupa ya watoto wake. Dagaa huliwa mzima, na miba yake, hivyo humpa mlaji chokaa ambayo mnofu wa ng'ombe hauna. Tatizo ni pale dagaa wote wanapoanikwa, kufungwa viroba na kupandishwa lori kwenda kuuzwa, huku nyumbani ukibaki ugali wa muhogo na kisamvu.

Sipigi debe la mishikaki. Mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliiweka nyama nyekundu katika kundi la vyakula ambavyo huenda husababisha saratani, na soseji na jamii yake katika kundi la vile vilivyothibitika. Wanaohitaji kuonywa ni sisi wasomi wa mijini tunaomaliza kilo kila wikendi. Mkoa wa Ruvuma, wenye mahindi, maharage na kahawa tele, umekuwa ukizidi wastani wa taifa kwa udumavu wa watoto. Mtoto wa huko hajafikia hatari ya kula nyama kupita kiasi.

Safari yangu ya mwisho Mbinga mjini nilisimama buchani nyuma ya mama mmoja aliyenunua robo kilo ya steki. Muuzaji alimuuliza kwa utani, "Mama, robo hiyo baba atashiba?" Akajibu bila kucheka kwamba baba atakula maharage, kisha akaomba akatiwe vipande vidogo vidogo.