Ujira duni: swali la Speenhamland

Tarehe 6 Mei 1795, mahakimu wa Berkshire, kusini mwa Uingereza, walikutana katika nyumba ya wageni ya Pelican, Speenhamland. Bei ya mkate ilikuwa imepanda mno, na ujira wa vibarua wa mashambani haukutosha kulisha watoto.

Walikuwa wameitwa kupanga ujira, lakini hawakuupanga. Badala yake waliamua pungufu lijazwe kwa kodi ya parokia, kwa kufuata bei ya mkate na idadi ya watoto.

Wakosoaji walidai kuwa utaratibu huo uliwapa wenye mashamba kisingizio cha kulipa kidogo. Sheria ya maskini ya 1834 ikaupiga vita.

Wazo hilo lilirejea 1971, serikali ya Edward Heath ilipoanza kuwaongezea kipato wafanyakazi maskini wenye watoto. Mwaka 1999, serikali ya Tony Blair iliweka kwanza kima cha chini cha mshahara, pauni 3.60 kwa saa kwa watu wazima, kisha ikaleta ruzuku mpya kupitia idara ya kodi.

Ruzuku za aina hiyo zilikoma Aprili 2025, zikarithiwa na Universal Credit. Swali la Speenhamland limebaki: anayesaidiwa ni kibarua, au tajiri wake?