Mahojiano ya kuingia chuo cha udaktari si mtihani wa kukariri

Kwa mzazi wa hapa Pwani, safari ya mwana kuwa daktari huamuliwa na karatasi ya KCSE. Matokeo yakitoka, alama za masomo yanayohitajika hupigiwa hesabu, KUCCPS humpangia chuo cha umma, basi. Hakuna anayemwita kijana kumuuliza kwa nini anataka kutibu watu. Ndiyo maana familia inayomwombea mtoto nafasi Uingereza hushtuka ikiambiwa kuna mahojiano, na haraka haraka humtafutia majibu ya kukariri.

Nieleze utaratibu kwanza. KCSE peke yake kwa kawaida haitoshi kule; vyuo hutaka A-level au IB. Mwombaji hufanya mtihani wa kompyuta uitwao UCAT, kisha hutuma maombi kupitia UCAS kabla ya tarehe 15 Oktoba, tena kwa vyuo vinne tu vya udaktari. Wanaopita mchujo huo ndio huitwa, wengi wao kati ya Desemba na Machi.

Oxford na Cambridge bado humkalisha mwombaji mbele ya wahadhiri, wakampa grafu au swali la sayansi na kumsikiliza akifikiri kwa sauti. Vyuo vingi vingine hufuata mtindo wa vituo, MMI, uliobuniwa Chuo Kikuu cha McMaster huko Kanada. Kevin Eva na wenzake waliuchapisha mwaka 2004. Hoja yao ilikuwa nyepesi: jopo moja likikupenda au likikuchukia dakika ya kwanza, mengine yote hufuata hapo. Kwa hiyo mwombaji huzungushwa vituo kadhaa, dakika chache kila kimoja, na kila kituo kina mtahini wake. Ukiharibu cha tatu, mtahini wa cha nne hana habari.

Na huko vituoni huulizwi mafigo yanafanyaje kazi. Unaweza kukuta mwigizaji aliyejifanya jirani yako, nawe umeambiwa umfahamishe kwamba umemgonga paka wake kwa gari. Au unapewa kisa: mwanafunzi mwenzako ameiba mtihani, utafanya nini? Au mgonjwa mwenye akili timamu anakataa kuongezewa damu kwa sababu ya imani yake. Mtahini anataka kuona kama utasikiliza kabla ya kusema, kama utaheshimu uamuzi wa mgonjwa hata usipokubaliana nao, na kama utakiri usichokijua. Jibu la kukariri halina pa kukaa hapa, maana mwigizaji akianza kulia, ulichokariri kinakwisha.

Mimi si daktari, diploma yangu ni ya mambo mengine kabisa, lakini nimewahi kukaa barazani na binti wa dada yangu nikimfanyisha mazoezi. Nikimuuliza, anainamisha macho na kujibu, "Ndiyo, mjomba." Nikimpinga, anakubali papo hapo. Kwetu hayo ni malezi mema. Kwa mtahini asiyemjua, huyo ni mtu asiye na msimamo. Naona hapa ndipo vijana wetu huumia zaidi kuliko kwenye Kiingereza, na inauma kwa sababu mambo yenyewe wanayo: kutunza siri ya mtu kama amana, kumsemesha mfiwa kwa upole, kukaa na mgonjwa usiku kucha. Hawajazoea tu kuyasema mbele ya mkubwa, wala kumwambia, "Hapo sikubaliani nawe, na sababu yangu ni hii."

Basi mazoezi yafanywe na mtu asiye jamaa: mwalimu, muuguzi, hata mzee wa mtaa mwenye ubishi. Kama kijana amewahi kumuuguza nyanya yake, aeleze alichojifunza, asijitungie kazi ya kujitolea hospitalini ambayo hakuifanya. Swali la pili au la tatu litamuumbua. Asome pia Good Medical Practice, mwongozo wa baraza la madaktari la Uingereza, ambao unapatikana bure mtandaoni. Anayekuuzia "majibu ya mahojiano" kwa maelfu ya shilingi hana cha kukupa zaidi ya huo.

Akikosa, anaweza kuomba tena mwaka unaofuata, ila alama za UCAT hutumika kwa msimu mmoja tu, kwa hiyo ada ya mtihani italipwa upya.