Sindano Mbili, Uzi Mmoja: Kazi ya Ngozi Mikononi mwa Watu Waliohama



Katika toleo hili la kumbukumbu tumeombwa sisi wa kikundi cha ufundi wa ngozi tuandike habari za kazi yetu. Tungaliweza kuorodhesha viatu, mikanda na mikoba iliyotoka mikononi mwa vijana wetu, lakini hesabu hiyo imo katika daftari la kamati na kila mwenye haja anaweza kuisoma. Tumeona afadhali tuandike historia, kwa sababu vijana hutuuliza swali moja kila wanapokaa kwenye benchi: kwa nini mtu ajisumbue kushona kwa mkono, kutia rangi na kusugua ukingo wa ngozi kutwa nzima, na hali kandambili za plastiki zinauzwa kila kona? Na wakubwa wana swali lao, zito zaidi: je, kazi ya mikono ni haki ya mkimbizi, au ni kitu cha kumpitishia muda tu?

Tuanze na mshono wenyewe. Mshono tunaoutumia ni wa uzi mmoja wenye sindano mbili, moja kila ncha. Fundi hupiga mstari sambamba na ukingo, hutia alama za matundu kwa nafasi sawa, kisha hutoboa kwa msharasi wenye ncha bapa ili kila tundu lilale mshazari kidogo. Uzi hukatwa urefu wa mara nne hivi ya mstari na kupakwa nta ya nyuki. Katika kila tundu sindano moja huingia kwa mbele na nyingine kwa nyuma, zikapishana, na fundi huvuta mikono yote miwili kwa nguvu sawa. Mwishoni hurudi nyuma matundu mawili au matatu, akakata.

Cherehani haifanyi hivyo. Katika aina aliyoipatia hati ya uvumbuzi Elias Howe wa Marekani mwaka 1846, uzi wa juu na uzi wa chini hukamatana katikati ya unene wa ngozi. Uzi mmoja ukilika mahali padogo tu, kukamatana kule hulegea na mshono huanza kufunguka. Katika mshono wa sindano mbili, upande mmoja ukikatika, uzi wa upande wa pili bado umepita katika matundu yale yale na nta imeushika. Ndiyo maana watengenezaji wa matandiko ya farasi waliendelea kushona kwa mkono muda mrefu baada ya cherehani kuenea, maana ukanda ukifumuka farasi akiwa mbioni, mpandaji huanguka.

Kabla ya sindano nzuri za chuma kuwa rahisi, washona viatu wengi wa Ulaya walisokota unyoya mgumu wa nguruwe kwenye ncha ya uzi, ukawa ndio sindano. Jambo hilo liliwafikia hata wanazuoni wa Kiislamu. Wale wa madhehebu ya Hanafi walilijadili na kumruhusu mshonaji kuutumia unyoya huo kwa sababu ya dharura ya kazi. Tunalitaja ili msomaji aone kwamba kazi hii ndogo ilikuwa na uzito wa kutosha kuingia katika vitabu vya sheria.

Sasa tazama vyombo vilivyotajwa: msharasi, sindano mbili, kisu, donge la nta, kipande cha mti mgumu au mfupa wa kusugulia. Vyote vinaingia katika mfuko mmoja wa koti. Mhunzi hawezi kukimbia na tanuri lake, wala mfumaji na kitanda chake cha mfumi. Mshona ngozi anaweza kukimbia na karakana yake nzima, na hata akinyang'anywa mfuko huo njiani, mikono inabaki inajua. Kwa sababu hiyo, ukifuatilia habari za ngozi nzuri ulimwenguni, mara kwa mara utakuta nyuma yake watu waliofukuzwa kwao.

Wenzetu kutoka Kongo na Burundi waliosoma Kifaransa wanalijua neno cordonnier, yaani fundi viatu. Asili yake ni mji wa Cordoba katika Hispania, uliokuwa mji mkuu wa Waislamu wa Andalusi na uliosifika kwa ngozi laini ya mbuzi. Mwaka 818 mtawala wa Cordoba, al-Hakam wa kwanza, baada ya kuzima uasi wa kitongoji kimoja kilichojaa mafundi na wenye maduka, alikibomoa na kuwafukuza wakazi wake. Wengi walivuka bahari wakafika Fez, Moroko, wakapewa upande mmoja wa mto, na mtaa huo unaitwa mtaa wa Waandalusi hadi leo. Miaka karibu 800 baadaye, kati ya 1609 na 1614, mfalme wa Hispania aliwafukuza Wamorisko, watu wa ukoo wa Kiislamu waliokuwa wamebatizwa. Walikuwa takriban 300,000, na wengi wao waliishia Moroko, Algeria na Tunisia. Hatusemi kwamba walikuta watu wasiojua ngozi, la. Fez ilikuwa na watengenezaji wake hodari. Lakini mafundi walikutana na mafundi, na Wafaransa waliokuja kununua wakaziita bidhaa hizo kwa jina la nchi walikozinunua: maroquinerie, neno ambalo hadi leo limeandikwa juu ya maduka ya mikoba.

Jina hilo lilificha jambo jingine, nalo linahusu rangi. Sehemu ya ngozi nyekundu iliyouzwa katika bandari za kaskazini ya Afrika haikutengenezwa huko kabisa. Ilitoka kwa Wahausa, kusini mwa jangwa la Sahara. Msafiri Mjerumani Heinrich Barth, aliyekaa Kano mwaka 1851, aliandika kwamba ngozi za kondoo zilizotiwa rangi nyekundu zilipelekwa kwa wingi hadi Tripoli, na kwamba makubadhi ya Kano yaliuzwa mbali sana. Mafundi wa Kano waliiva ngozi kwa maganda ya mbegu za mgunga yaliyotwangwa na kulowekwa. Rangi yenyewe waliipata katika aina ya mtama wenye mabua na majani mekundu, wakaikamua kwa maji ya magadi. Ngamia walivuka jangwa na mizigo hiyo, na upande wa pili ikabadilishwa jina. Mnunuzi wa Ulaya aliishika mkononi kazi ya Mwafrika wa Kano, wala hakujua.

Rangi nyeusi haihitaji hata mtama. Vipande vya chuma chenye kutu huachwa katika siki au kinywaji kilichochacha kwa siku kadhaa, kisha maji yake hupakwa kwenye ngozi iliyoiva kwa maganda ya miti. Chuma hukutana na ule ukali wa maganda na ngozi hugeuka nyeusi mbele ya macho. Mapishi haya yamejulikana na mafundi wa nchi nyingi tangu zamani. Yasizidishwe, maana chuma kingi huikausha ngozi hadi ikapasuka, na baada ya kupaka ni lazima kuosha na kutia mafuta.

Hapa tunaomba vijana wasikilize vizuri, kwa sababu ndipo wengi hukata tamaa. Ukingo wa ngozi iliyoivishwa kwa maganda ya miti hupunguzwa pembe zake mbili kwa kisu, hulowanishwa kidogo, husuguliwa kwa mti mgumu au mfupa mpaka nyuzi zake zilale na kung'aa, kisha hutiwa nta na kusuguliwa tena kwa kitambaa hadi ipate moto. Ukingo ukimalizwa hivyo maji hayaingii kwa urahisi na tabaka mbili huonekana kama moja. Lakini mabaki tunayoletewa mara nyingi yameivishwa kwa dawa ya kromu. Njia hiyo ilianza kuenea viwandani baada ya Augustus Schultz kupata hati yake huko Marekani mwaka 1884, na sasa ndiyo inayotumika kwa ngozi nyingi duniani. Ngozi ya kromu ni laini na huiva upesi, lakini ukingo wake haukubali kusuguliwa hata ukikesha. Kijana husugua, nyuzi zinasimama tena, akadhani mkono wake ni mbaya. Mkono hauna kosa. Mkato ukionekana wa kijivu au wa buluu kwa ndani, ni kromu. Hapo punguza unene wa ukingo, ukunje, utie gundi, ndipo ushone. Mnunuzi mzoefu hutazama ukingo kabla ya kutazama kitu kingine, maana haraka ya fundi huonekana hapo.

Tumesema kuna swali la haki. Kwa hilo turudi Ulaya, Oktoba 1685, wakati Louis XIV wa Ufaransa alipoifuta amri ya Nantes ya mwaka 1598 iliyowapa Waprotestanti uhuru wa kuabudu. Wachungaji wao walipewa wiki mbili waondoke. Waumini wa kawaida walikatazwa kuondoka, na mwanamume aliyekamatwa mpakani alipelekwa kupiga makasia katika merikebu za mfalme. Hata hivyo walitoka, na wanahistoria hukadiria idadi yao kuwa kati ya 150,000 na 200,000. Miongoni mwao walikuwamo washona glavu kutoka Grenoble na miji mingine, mabingwa wa ngozi nyembamba nyeupe iliyotengenezwa kwa shabu, chumvi, unga na kiini cha yai. Mshono wa glavu ni mdogo mno na ukingo wake ni kama karatasi. Ufundi wa namna hiyo hausomwi katika kitabu.

Kabla ya mwaka ule kwisha, mtawala wa Brandenburg, Friedrich Wilhelm, alitoa amri yake mjini Potsdam. Wakimbizi walipewa majengo yaliyoachwa na vifaa vya kujengea, wakasamehewa kodi kwa miaka kadhaa, na jambo kubwa kuliko yote kwa fundi, wakaruhusiwa kuingia katika vyama vya mafundi. Zamani zile, asiyekuwa mwanachama hakuwa na ruhusa ya kuuza kazi yake mjini. Mwaka 1686 mtawala mwingine wa Kijerumani aliwajengea mji mpya kando ya Erlangen, na Erlangen ikaja kujulikana kwa soksi na glavu zake. Tusidhani wenyeji wote walifurahi. Vyama vya mafundi vililalamika mahali pengi kwamba wageni wanawaharibia bei. Watawala hawakuwa malaika pia: nchi yao ilikuwa imeharibiwa na vita, nao walihitaji watu na kodi. Mkimbizi alipewa ruhusa, na baada ya miaka akawa mlipa kodi.

Ruhusa hiyo sasa si hisani ya mtawala mmoja. Imeandikwa. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, kifungu cha 18, unazungumzia haki ya mkimbizi aliyeko nchini kihalali kujifanyia shughuli zake mwenyewe katika kilimo, viwanda, kazi za mikono na biashara, na kwamba atendewe vema kadiri iwezekanavyo, na kwa vyovyote si chini ya wageni wengine walio katika hali kama yake. Kazi za mikono zimetajwa kwa jina. Kila nchi ina sheria zake juu ya vibali na masoko, nasi tunazifuata, lakini anayetuambia kwamba kushona viatu ni mchezo wa kambini hajasoma kifungu hicho.

Tumalizie karibu na kwetu. Kisiwani Pate, mji wa Siyu umesifika kwa makubadhi na mikanda ya ngozi tangu karne zilizopita. Kaskazini zaidi, Barawa, pwani ya kusini ya Somalia, wenyeji wasemao Chimiini, usemi ulio ndugu wa Kiswahili, walijulikana kwa ufumaji na kwa viatu vya ngozi. Serikali ya Somalia ilipoanguka Januari 1991, watu hao wasio na wanamgambo wa kuwalinda waliporwa na kuuawa. Maelfu walipanda vyombo vya baharini wakafika Mombasa, wakaishi katika kambi za hapo mpaka zilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Baadhi walihamishiwa kambi nyingine, wengine wakapelekwa Marekani na Uingereza. Ufundi wao ukatawanyika pamoja nao.

Kwa hiyo tunaomba, na hili ni ombi la kamati pia: mzee yeyote hapa kambini, wa taifa lolote, anayejua mti uliotumika kwao kuivisha ngozi, au rangi, au namna ya kumaliza ukingo, aje karakana siku yoyote ya kazi asubuhi. Ataje jina la mti kwa lugha yake, kijana ataandika. Akiweza kuja na kiatu au mkoba wa zamani, hata uliochakaa, tutautazama mshono wake na kumrudishia siku ile ile.